Mvua Iliyokuja Bibi Alipoondoka

Baba yangu alipunguzwa kazini mwaka uleule niliorudi nyumbani kutoka kwa mume. Yeye alikuwa mfanyakazi wa kituo kidogo cha utafiti wa pamba nje ya mji wa Bariadi. Mimi nilikuwa nimeolewa Lingeka, kule Meatu, kwa mtu aliyehama na ng'ombe wake kwenda kusini kutafuta malisho, akaniambia nimsubiri. Nilimsubiri miaka miwili. Kisha nikambeba mwanangu mgongoni nikarudi kwetu. Baba hakuniuliza kitu.

Kituo kilifungwa kwa maneno machache. Walikuja maofisa watatu na gari, wakawakusanya wafanyakazi penye ghala, wakasema serikali inajitoa kwenye biashara, pamba itanunuliwa na watu binafsi, na utafiti utabaki kwenye kituo kikubwa tu. Basi. Milango ikapigwa makufuli, na baada ya muda mfupi hata makufuli yakaibwa. Wenzake baba waliondoka mmoja mmoja, huyu kwenda Mwanza kuuza mitumba, yule kurudi kwao Mwanhuzi. Baba hakuwa na pa kwenda. Nyumba yetu ilikuwa hatua mia tatu kutoka uzio wa kituo.

Kitu kimoja tu alikichukua pale. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesoma kipimamvua cha kituo, kile chombo cha bati chenye mdomo kama faneli na chupa ndani yake. Ofisa wa hali ya hewa aliyekuja kukagua mara ya mwisho alimwambia, "Mzee, hiki kikibaki hapa watakikata watengeneze vibatari. Kisimike kwako, uendelee kuandika. Fomu tutakuwa tunakuletea." Fomu zililetwa mara mbili, zikakoma. Baba akanunua madaftari ya shule, akachora mistari kwa rula, akaendelea.

Wakati narudi, macho yake yalikuwa yameanza kuzibwa na ukungu. Alipoona nimemaliza sekondari na naweza kuandika tarakimu vizuri, alinikabidhi kazi ile bila sherehe. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, si kabla si baada, nilitoa chupa, nikamimina maji kwenye kioo chembamba chenye alama, nikainama mpaka jicho likawa sawa na maji, nikasoma. Baba alisimama nyuma yangu. Nikitaja milimita, alirudia kwa sauti ndogo kama anayeitikia sala. Kama hapakuwa na maji, niliandika sifuri. Alikuwa mkali sana kuhusu sifuri. "Siku isiyoandikwa," alisema, "mtu wa baadaye hatajua kama mvua haikunyesha au wewe ulilala."

Maji yaliyokwisha kupimwa nilimpa bibi. Bibi alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mpishi yeyote aliyevuta moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe kwa miaka sitini. Mama yangu alikuwa amefariki zamani, na bibi ndiye aliyetulea. Kando ya kipimamvua alipanda shina la mboga ya maboga. Maji ya kwenye chupa, hata yakiwa ya kujaza kifuniko cha soda, aliyamwaga pale shinani. Maji ya kuoshea vyombo nayo aliyapeleka palepale. Kwa hiyo, hata kiangazi kilipokausha kila kitu, kwetu palikuwa na majani mabichi yanayotambaa ukutani.

Miaka ya kwanza ya soko huria watu walilima pamba kama wendawazimu. Wanunuzi walikuja kwa malori mpaka mashambani. Kila mmoja alikuja na mizani yake na maneno yake. Waliolima ekari tatu walifyeka mpaka sita. Mbuga zilizokuwa za kulishia zikageuka mashamba. Kila mtu aliweka tumaini lake lote kwenye mbegu zile, na mbegu zile zilitegemea mvua, na hakuna aliyewaza kwamba mvua nayo inatoka mahali.

Vuli ya mwaka mmoja haikuja. Mawingu yalikusanyika upande wa Serengeti, yakasimama, yakatawanyika. Masika yaliyofuata yalinyesha siku chache tu, mahindi yakatoka yakafika magotini, yakakauka yamesimama. Mtama nao ukashindwa. Tulikula michembe, yale mabapa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na michembe ilipokwisha tulikula kile kilichouzwa sokoni. Ng'ombe walianza kufa kwenye lambo. Walikuwa wakiingia kwenye tope kutafuta maji, wakakosa nguvu ya kutoka. Harufu ilifika mpaka kwetu.

Mimi niliandika sifuri. Mwezi wa sita sifuri, wa saba, wa nane, wa tisa. Hiyo ni miezi ya kiangazi na sifuri zake ni za kawaida. Lakini mwezi wa kumi tulikuwa tunategemea vuli, na tarehe zikapita, nikaandika sifuri kumi, kumi na tano, ishirini. Nilianza kuogopa kulifungua lile daftari.

Asubuhi moja jirani yetu alipita njiani, akasimama kutazama. Alikuwa mwanamke wa makamo, tuliyekuwa tukiazimana naye chungu na kamba. Nilimsalimu, "Mwangaluka, mayu." Hakuitikia. Alitazama majani ya maboga, akamtazama bibi aliyekuwa ameinama na kopo la maji machafu, akaenda zake. Bibi alinyoosha mgongo polepole.

"Umeona?" akaniuliza.

"Labda hakusikia."

"Alisikia."

Baada ya siku mbili baba akaitwa kwenye dagashida, mkutano wa wanaume wa kijiji. Nilimsindikiza kwa sababu ya macho yake, nikakaa mbali kidogo na wanawake waliokuwa wakisubiri maji kisimani. Sauti zilinifikia zote. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa rafiki wa baba. Walisoma darasa moja. Nadhani alitaka mambo yaende taratibu.

"Karani," akasema, maana ndivyo walivyomwita baba, "kile chombo chako kinafanya nini?"

"Kinapima mvua iliyonyesha."

"Na ikishapimwa?"

"Inamwagwa."

"Nani anaimwaga?"

Mzee mmoja mwenye fimbo akasema, "Zamani kilikuwa kwa serikali, nyuma ya uzio, na mvua ilikuwa inanyesha. Kimehamia kwenye mji wa huyu bwana, nyumbani kwake, na mvua imeondoka. Kila siku mama yake anamwaga kitu pale. Nendeni mkaone, kote kumekauka, kwake kunaota."

"Hayo ni maji ya vyombo," baba akasema. "Mvua haitoki kwenye mkebe wangu. Mkebe unaangalia tu."

"Inatoka wapi, basi?"

Ninalikumbuka swali hilo kuliko maneno mengine yote ya siku ile. Baba alikuwa ameandika mvua kwa miaka ishirini na sita na zaidi. Alisema inatoka kwa Mungu. Mzee wa fimbo akasema hata wao wanajua inatoka kwa Mungu, wanachouliza ni nani ameishikilia njiani.

Uamuzi ulikuwa huu: chombo king'olewe, ama mama aondoke kijijini. Pasipofanyika moja kati ya hayo, mji wetu utatengwa. Hakuna wa kutusalimu, hakuna wa kutugawia moto wala kututekea maji, na akifa mtu kwetu tutamzika wenyewe. Hawakutaja jambo la tatu, lakini miaka ile huku kwetu kila mtu alijua mabibi vizee wenye macho mekundu walivyokuwa wakikutwa wameuawa kwa mapanga. Hapakuwa na haja ya kulitaja.

Baba alisema, "Nitaking'oa. Nipeni siku tisa."

"Kwa nini tisa?"

"Mwezi umebaki siku tisa. Nikikatisha katikati, mwezi mzima unaharibika."

Wanaume wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Siku tisa, karani. Siyo kumi."

Nimeishi na siku tisa zile mpaka leo. Wakati wa kurudi nyumbani sikumwambia baba kwamba ni upuuzi. Sikumwambia king'oe leo, ng'oa sasa hivi, mwezi ni nini. Na mimi nilikuwa nimeshaambukizwa. Niliona mwezi wenye pengo kuwa kitu kibaya. Zilikuwa sifuri tupu, tena sifuri ambazo hatukuwa na wa kumpelekea, na sote wawili tukaona zinafaa kulindwa.

Bibi aliambiwa jioni ile. Alimaliza kupepeta dengu alizokuwa nazo kwenye ungo, akazimimina chunguni. "Siku tisa siyo nyingi," akasema tu.

Siku ya kwanza mpaka ya tatu zikapita hivihivi. Watoto waliacha kupita njia ya kwetu. Kisimani wanawake walinipisha niteke peke yangu, wakasimama mbali mpaka niondoke. Siku ya nne, asubuhi, niliamka nikamkuta bibi amefunga khanga zake mbili na sufuria ndogo ndani ya shuka. Alikuwa amekwisha kukunja ngozi aliyokuwa akilalia. Alikuwa na mpwa wake aliyeolewa Mwamanyili, kule ziwani, na lori la dagaa lililokuwa likipita kila wiki lilirudi tupu upande huo.

"Bibi, bado siku tano tu," nilimwambia.

"Wale hawatahesabu mpaka tano. Jana wawili walisimama pale kwenye ua wa minyaa wakinitazama."

"Basi nikamwamshe baba, ang'oe sasa hivi."

Alinishika mkono. "Mwache amalize mwezi wake. Alipopunguzwa kazini hakulia. Kwenye hicho chombo ndipo alipobaki. Wakikitoa nami nikiwa hapa, watatafuta kingine. Watasema nimekiweka tumboni."

Nikambebea mzigo mpaka barabarani. Alinitaka nisimwambie baba mpaka nitakapomaliza kusoma saa tatu. Nilifanya hivyo. Nilisoma sifuri, baba akarudia sifuri, ndipo nikamwambia mama yako ameondoka. Alibaki amesimama, amenyoosha mkono hewani kama mtu anayetafuta mlango.

Tarehe ya mwisho ya mwezi baba aling'oa kipimamvua mwenyewe mbele ya mwenyekiti. Mwenyekiti akamwambia aache, maana mama ameshaondoka na neno lilikuwa moja kati ya mawili. Wakasaidiana kukirudisha shimoni. Nilimwona baba akishindilia udongo kwa kisigino, polepole, uso wake umegeukia pembeni.

Siku nne baadaye mvua ikanyesha.

Ilianza mchana, kwa upepo, matone makubwa yakichimba vumbi, kisha ikamwagika kama imefunguliwa. Watu walitoka nje. Nilisikia vigelegele kutoka nyumba kwa nyumba. Jirani yetu alikuja mbio, nguo zimemgandia mwilini, akanisalimu kwa mara ya kwanza katika majuma mawili. Alikuwa anacheka. Hakuwa na ubaya wowote moyoni, hilo ndilo lililoniumiza. "Umeona, mayu," akasema. "Tulikosea kuchelewa."

Baba alikuwa ndani. Alisikia.

Mvua ile haikukoma. Wiki ya kwanza ilikuwa baraka, watu wakapanda. Ya tatu mbegu zikaoza, wakapanda tena. Redio ikaanza kutufundisha neno elinino, na sisi tukalitamka kila mtu kwa namna yake bila kujua ni mnyama gani. Kioo cha kupimia kilikuwa kinajaa, namwaga, najaza tena, najumlisha. Nilipomwambia baba jumla ya siku moja hakuirudia. Alisema, "Umekosea, pima tena." Lakini maji nilikuwa nimeshamwaga. Hakuna aliyekuwa akiyahitaji shinani. Maboga yalikuwa yameoza.

Mto Simiyu ulipasua kingo. Majaruba ya mpunga yakafunikwa, nyumba za udongo zikalala moja moja, na pamba iliyobahatika kuota ikawa njano, ikafa imesimama majini. Ng'ombe waliobakizwa na ukame walikufa kwa kwato zilizooza. Malori ya wanunuzi hayakuonekana tena, maana barabara zilikuwa zimekatika, na kuonekana kwake kungekuwa kwa bure.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, saa saba mchana, tunakula, redio ya baba ikiwa juu ya kinu, tukasikia jina lake likisomwa kwenye matangazo ya vifo. Alitangaziwa kifo cha mama yake mzazi, Mwamanyili, kwa ugonjwa wa kuhara na kutapika, mazishi ni kesho. Maji ya mafuriko yalikuwa yameingiza kipindupindu kwenye vijiji vya ziwani. Msomaji alisoma haraka, akaendelea na jina jingine.

Tuliondoka saa ileile. Nilimshika baba mkono, mtoto nikamwacha kwa jirani yuleyule, sikuwa na mwingine. Tulitembea mpaka jua linaelekea kuzama, tukafika mahali palipokuwa na daraja. Hapakuwa na daraja. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yametanda mpaka kwenye miti ya ng'ambo, na mizoga ya mbuzi ilikuwa inazunguka polepole kwenye mkondo.

"Upana wake?" baba akauliza.

"Siwezi kuona mwisho."

"Kina?"

"Nguzo hazionekani."

Tulikaa pale siku mbili na watu wengine waliokuwa wamekwama, tukilala kwenye banda la shule. Siku ya pili, saa za mazishi zikawa zimeshapita, baba akanigeuza, tukarudi.

Tulipofika nyumbani, wanaume watatu walikuwa wanatusubiri, mwenyekiti mmojawapo. Walikuwa wamelowa, wamenyong'onyea, mashamba yao yote yako chini ya maji. Walitusaidia kukaa. Wakamsalimu baba kwa heshima kubwa. Kisha mwenyekiti akasema wamekuja kwa unyenyekevu. Inaonekana mama aliondoka na uchungu. Wanaomba karani aende Mwamanyili, wao watatoa kondoo mweusi, amwombe mama apoe, mvua imetosha.

Baba aliinua uso kuelekea paa, mvua ikipiga bati.

"Ameshazikwa," akasema.

Yule mzee wa fimbo alianza kulia. Nadhani alilia kwa woga, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumwomba. Hakuna aliyesema tulikosea. Sidhani kama liliwapitia akilini. Ukame ulikuwa umethibitisha jambo, mvua ikalithibitisha, gharika nayo ikalithibitisha, yote matatu kwa bibi mmoja mfupi asiyejua kusoma.

Baba aliendelea kupima. Nilidhani ataacha. Nilimuuliza siku moja kwa nini haachi, akajibu, "Nikiacha sasa, yeye aliondoka kwa ajili ya nini?" Kwa hiyo tuliendelea, mwaka baada ya mwaka, mimi nikisoma, yeye akirudia, na macho yake yakafunga kabisa.

Ilipita miaka mitano au sita ndipo akaja mtafiti. Alikuwa msichana wa chuo kikuu, mwenye miwani, aliyeshuka kwenye pikipiki ya kukodi akiwa ametapakaa vumbi. Alipiga magoti kidogo, akamwamkia baba shikamoo, akasema ametafuta rekodi za mvua mkoa mzima wa Shinyanga, maana wakati ule Simiyu ilikuwa haijawa mkoa, na vituo vingi rekodi zake zilikatika wakati wa kupunguza wafanyakazi. Ofisini kwao kuna mtu alikumbuka kuwa Bariadi kulikuwa na mzee mmoja. Nikamtolea madaftari. Aliyafungua kwenye mkeka, akapitisha kidole kwenye mistari ukurasa baada ya ukurasa.

"Hakuna pengo," akasema.

"Hakuna," baba akajibu.

Alikaa kwetu siku tatu akinakili. Siku ya pili baba akamuuliza lile swali aliloulizwa yeye kwenye mkutano. Mvua inatoka wapi?

Alieleza bila haraka. Alisema mvua yetu inabebwa na pepo zinazotoka baharini, na pepo hizo hufuata joto la maji. Bahari ya Hindi ni pana, haipati moto sawasawa. Mwaka ambao maji ya upande wetu, ya pwani yetu, yanapata joto kuliko kawaida, hewa yenye unyevu hupanda huku na kumwagika huku, nasi tunagharikishwa. Mwaka ambao joto limekaa upande wa pili, kule mbali mashariki, mvua huenda kunyesha kule, na sisi tunabaki na mawingu yanayopita. Alisema mwaka wa elinino bahari ilikuwa imepata joto upande wetu tangu miezi mingi kabla.

"Tangu lini?" baba akauliza.

"Tangu katikati ya mwaka, mzee. Mwezi wa saba, wa nane, dalili zilikuwa zimeanza kuonekana."

Baba aliinamisha kichwa. Niliona anahesabu. Mwezi wa saba bibi alikuwa hapa, anapika. Mwezi wa nane alikuwa hapa.

"Kwa hiyo mvua ile ilikuwa njiani," akasema.

"Ilikuwa njiani."

"Hata kama mtu angebaki. Hata kama mtu angeondoka."

Msichana alinitazama. Hakujua habari yetu. "Haihusiani na mtu yeyote, mzee," akasema kwa upole. "Ni maji."

Baba hakuwahi kuiona bahari. Maji makubwa aliyoyajua ni ya ziwa Nyanza. Aliuliza bahari ikishapata joto inapoa lini, na hapo yule msichana akasita. Akasema joto la mwaka mmoja huja na kuondoka. Lakini chini yake kuna joto lingine linalopanda taratibu, miaka kwa miaka, na maji mengi kiasi kile yakishashika joto hayaliachi upesi. Wenzake wanafikiri ndilo linalovuta pepo za masika mbali na sisi. Alifungua madaftari mawili, la zamani la kituoni na la karibuni, akanionyesha safu za mwezi wa tatu na wa nne. Nilikuwa nimeandika zile za karibuni kwa mkono wangu siku moja moja, na sikuwahi kuona kitu. Ukiziweka pamoja, milimita zilikuwa zinapungua.

"Masika yatarudi kama zamani?" baba akauliza.

"Hatujui yote, mzee."

"Lakini wewe unavyoona."

"Ninavyoona, si katika umri wako. Na mtoto huyu," akamwonyesha mwanangu aliyekuwa akisoma kitabu chake mlangoni, "sijui. Samahani."

Baba akamshukuru. Akaniomba nimwite mwenyekiti. Mwenyekiti alikuja, amezeeka naye, akakaa, na msichana akarudia maelezo yote tangu mwanzo kwa subira ya mwalimu. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza maswali mawili ya akili kuhusu upepo. Kisha akasema, "Ninaamini, mwanangu. Wasomi hamsemi bure. Lakini mvua ilikuja alipoondoka. Hilo sisi tuliliona kwa macho."

Baba alifanya ishara kwa mkono kwamba yamekwisha.

Msichana yule aliniambia siku ya kuondoka kuwa madaftari yale ni mali kubwa, kwamba bila watu kama baba hakuna ambaye angejua bahari inatufanyia nini. Nilimweleza baba maneno hayo. Alisema, "Sasa tumejua," kwa sauti ambayo sikuipenda. Asubuhi iliyofuata saa tatu ilifika, nikatoka nje, nikamngoja. Hakutoka. Nilisoma peke yangu siku ile na kesho yake. Siku ya tatu nami sikutoka.

Aliishi miaka miwili zaidi. Mvua ikinyesha aliomba dirisha lifungwe. Hakuniuliza imenyesha kiasi gani. Kitu alichoniambia mara nyingi, wakati mwingine katikati ya chakula, ni kwamba angeweza kuking'oa siku ileile aliyotoka mkutanoni, shoka lilikuwa mlangoni. Mwanzoni nilimjibu kwamba wangetafuta sababu nyingine, kama bibi alivyosema. Baadaye niliacha kujibu. Sikuwahi kumwambia kwamba ni mimi niliyembebea mzigo mpaka barabarani.

Alikufa kiangazi. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea, wengine kutoka Bariadi mjini kwa baiskeli. Vijana walichimba kaburi kwenye udongo mgumu kama saruji tangu alfajiri mpaka karibu adhuhuri, wakipokezana sululu. Wanawake walipika, jirani yetu akiwa mbele yao, akiwapangia kazi. Mwenyekiti alisimama akasema marehemu alikuwa mtu mwaminifu, aliyetumikia serikali hata serikali ilipomsahau, na kwamba kijiji hakikuwahi kuwa na ugomvi naye. Watu waliitikia kwa vichwa.

Nilisimama na sinia la ugali mikononi. Palikuwa na nafasi ya mtu wa familia kusema, na mchungaji alinitazama. Nilitaka kumtaja bibi, kusema amelala Mwamanyili bila mtoto wake kumtupia udongo. Watu walikuwa na njaa, wametoka mbali, na wote walikuwa wametufanyia wema siku ile. Nilitikisa kichwa. Mchungaji akafunga kwa sala, akaomba mvua, na wote tukasema amina.